Kivuli cha Saa Sita

8 Januari

Nimepewa muhula mmoja. Mkuu wa shule amelisema hilo bila kuinua macho kwenye ratiba aliyokuwa akiipigia mistari kwa rula: vipindi viwili vya kuchora kila Ijumaa, darasa la pili B, hadi mtihani wa mwisho wa muhula. Watoto wakifanya vizuri katika sayansi, vipindi vitabaki. Wakianguka, vitageuzwa kuwa vya kusoma kwa sauti, na stoo niliyoifagia na kuipaka chokaa kwa mikono yangu itarudi kuwa makao ya madawati yaliyovunjika.

"Dada yangu, sikukatalii," alisema. Huniita dada yangu pale tu anaponikatalia. "Ila kuchora ni kuchora, na sayansi ni sayansi."

Nikamwambia mtoto wa miaka saba hawezi kuandika sentensi tatu kuhusu panzi, lakini mpe panzi ndani ya chupa na penseli, atakuchorea miguu sita, maana ili uichore miguu lazima uihesabu, na huko kuihesabu ndiyo sayansi yenyewe. Akaniuliza kama nimekwisha kujaza fomu ya mahudhurio.

12 Januari

Ijumaa ya kwanza. Watoto arobaini na wanane, penseli thelathini na moja, chaki boksi moja. Nimeongezea mapumziko mawili kwenye vipindi vyangu, sikumwomba mtu ruhusa.

Saa mbili asubuhi niliwatoa uani wawili wawili. Mmoja asimame, mwenzake achore kwa chaki ukingo wa kivuli chake juu ya saruji, na achore nyayo zake pia. Saa nne tukatoka tena, kila mmoja akasimama kwenye nyayo zake. Saa sita tukatoka mara ya tatu.

Sikuwaambia lolote. Saa mbili ua ulijaa majitu marefu kama nguzo za umeme. Saa sita watoto walikuwa wakijizunguka wenyewe, wakitafuta, kama watu waliopoteza funguo. Msichana mmoja mwembamba aliyekaa kimya wiki nzima akainua mguu wake, akachungulia chini.

"Kimeingia humu," akasema.

"Muongo," wakamwambia.

"Mimi nimeona." Akainua mguu tena ili nao waone.

Nimempa jina la Shahidi. Wenzake wamelidaka papo hapo na halitambanduka.

15 Januari

Mwalimu wa darasa la pili A ni kijana, ana mwaka wa pili kazini, mashati yake hayana kunyanzi hata moja. Anachukua ukurasa wa kitabu cha sayansi na kuuhamishia ubaoni kama ulivyo, neno kwa neno, na kona ya chini anaandika namba ya ukurasa. Watoto wake nao wanauhamishia kwenye madaftari, pamoja na hiyo namba. Humu shajarani namwita Nakala.

Leo chumba cha walimu amenijia na kitabu kwapani. "Mwalimu, watoto wako wanakanyaga chaki uani, halafu wanaingia nayo darasani kwangu."

"Basi ndiyo elimu pekee inayoingia humo."

Walimu wakacheka. Naye akacheka, na hilo ndilo lililoniudhi. Mtu ukimchoma, akatabasamu, unabaki na sindano mkononi.

19 Januari

Vivuli. Jua kali.

26 Januari

Vivuli tena. Nimewaambia wachukue kamba wapime. Wamekubaliana wenyewe kwamba kivuli cha saa mbili ni "kamba mbili na mkono" na cha saa sita ni "kiatu." Kipimo cha kiatu sikukitunga mimi.

2 Februari

Leo tumekifungua kitabu, ukurasa wenye kielelezo cha kumi na nne: "Mti na kivuli chake saa sita mchana." Mti katikati. Jua kwenye kona ya kushoto, juu, lenye miale saba kama vidole. Kivuli kimelala upande wa kulia, kirefu sawa na mti wenyewe, kimechorwa kwa upendo mkubwa, tawi kwa tawi.

Watoto waliinamia picha. Kisha Shahidi akasema, "Mwalimu, aliyechora alichelewa. Hii ni jioni."

Waliangua kicheko, nami nikacheka hadi nikashika meza. Ni miaka ishirini na minane nafundisha, na sijawahi kuona darasa zima la watoto wa miaka saba likikisahihisha kitabu cha serikali bila kuchochewa na mtu. Dada yangu, ambaye ni fundi cherehani na tunaishi naye nyumba moja, alinisikiliza nikimweleza huku akiwa na pini mdomoni. Alipozitoa akasema, "Na mtihani unatungwa kwa kufuata uani au kwa kufuata kitabu?"

Nikamwambia anapenda kuharibu chakula cha watu.

9 Februari

Mawingu. Hakuna kivuli. Tumechora mawingu.

16 Februari

Mawingu.

22 Februari

Mtihani wa majaribio. Lazima nieleze tunavyosahihisha, maana ndipo sumu ilipo. Mwalimu hasahihishi karatasi za darasa lake. La pili A husahihishwa na mwalimu wa B, na la pili B husahihishwa na mwalimu wa A, wote wakifuata mwongozo unaoletwa kutoka ofisi ya elimu ndani ya bahasha. Zamani nilikuwa nikiusifu utaratibu huu. Unazuia upendeleo.

Swali la tano, alama ishirini kati ya hamsini: "Chora mti na kivuli chake saa sita mchana. Onyesha jua, mti na kivuli."

Watoto wangu arobaini na watatu walichora kivuli kidogo chini ya mti. Nakala aliwapa sufuri wote arobaini na watatu. Sufuri zenyewe nadhifu, za duara kamili, kama amezichora kwa bilauri.

Nilimkuta akifunga zipu ya begi. Nikamwekea karatasi ya Shahidi mbele yake. Jua liko juu kabisa ya mti, sehemu yake imekatwa na ukingo wa karatasi, kwa kuwa alikataa kulisogeza pembeni ili litoshe. Kivuli ni kiduara chini ya shina, na pembeni ameandika "kiatu."

"Hii ina kosa gani?"

"Haina kivuli cha kulia, mwalimu."

"Toka nje kesho saa sita, kama kuna jua, uangalie miguu yako."

"Naamini usemavyo," akasema kwa upole. "Lakini mwongozo haukunituma niangalie miguu."

Sentensi hiyo ingefaa kuandikwa juu ya mlango wa kila shule.

23 Februari

Mvua tangu alfajiri. Chaki yote ya Januari imeondoka uani.

Mkuu ameniita. Ukutani nyuma ya kiti chake kuna chati ya wastani wa kila darasa, vijisanduku vya rangi. La pili B tuko chini kabisa, kijisanduku chekundu. Nimempelekea kitabu na karatasi za watoto. Alizitazama kwa muda, na lazima nimtendee haki: alizitazama kweli.

"Wako sahihi," alisema.

"Basi wape alama zao."

"Mwalimu, fikiria mtunga mtihani. Kivuli kikiwa chini ya shina, mshale wa kuandikia neno 'kivuli' utaelekezwa wapi? Hakuna nafasi." Akafunga kitabu. "Mtihani wa muhula utakuwa na swali hilohilo. Miaka sita sasa ni hilohilo. Ukitaka vipindi vyako, unajua cha kufanya."

Dunia nzima isogeze jua lake ili mshale upate nafasi. Nimemwambia hivyo. Akaniambia nipunguze sauti, wazazi wako nje.

26 Februari

Nimeandika barua ofisi ya elimu. Kurasa nne, na nakala za michoro kumi.

2 Machi

Mvua. Stoo inavuja juu ya meza ya rangi. Tumechora tone la maji linavyobonyea likigonga sinia. Shahidi amechora sita mfululizo, kila moja tofauti, na alipoulizwa lipi ndilo lenyewe akasema yote.

8 Machi

Ofisi ya elimu wamejibu kwa mistari miwili. Wanashukuru kwa moyo wangu wa kujituma. Suala langu limepokelewa.

14 Machi

Makala yangu imetoka gazetini, nusu ukurasa: "Jua Haliko Kona." Hawakupunguza hata aya ile ya watu wanaofikiri kuchora ni mapambo ya kuwatuliza watoto baada ya kazi. Niliandika kwamba anayenakili picha ya kitu ambacho amekatazwa kwenda kukitazama hafundishwi sayansi, anafundishwa utii, na kwamba mwalimu anayempa mtoto alama kwa kusema asichokiona anamlipa ili awe shahidi wa uongo. Niliandika kwamba mimi, kwa upande wangu, sitafanya hivyo.

Dada amelikata kwa mkasi wake wa kazi na kulibandika ukutani juu ya cherehani. Wateja wanasoma wakipimwa viuno.

16 Machi

Chumba cha walimu hakuna aliyeitaja makala. Nakala peke yake alisimama mbele yangu, akafungua mdomo, akaufunga, akaniuliza kama nina chaki ya ziada. Nikampa vipande vitatu na neno moja la kejeli ambalo silikumbuki.

20 Machi

Mawingu yalipasuka kwa saa moja hivi mchana. Nilikuwa kwenye kikao cha wazazi. Nimekuta michoro ya chaki mbele ya la pili A, nikadhani watoto wamecheza kuruka miraba. Mvua imeshaifuta nusu.

22 Machi

Kikao kingine, mimi na Mkuu tu. Safari hii hakubishana. Aliniwekea ratiba ya muhula ujao mbele, ameshaiandika kwa penseli. Ijumaa, la pili B: kusoma kwa sauti. Kando yake ameweka kifutio.

"Sitaki kuitumia hii penseli," alisema. "Nipe matokeo, nitumie kifutio."

Nimetembea kurudi nyumbani bila kufungua mwavuli. Nimefikiri hivi: vipindi vikifa, hakuna atakayewatoa uani tena, si hawa wala watakaokuja. Hakutakuwa na panzi, hakutakuwa na tone la maji. Yote hayo kwa ajili ya swali moja. Nikiwapa hilo swali moja, nawaokolea mengine yote. Mtu mwenye akili angekataa biashara hiyo?

Naandika hivi nione kama inasomeka vizuri. Inasomeka vizuri mno.

23 Machi

Leo nimefanya.

Nilichora kielelezo cha kumi na nne ubaoni. Mimi ni mchoraji mzuri, hakuna mwalimu shuleni anayenifikia, na kilikuwa kizuri kuliko cha kitabuni. Jua kona ya kushoto. Miale saba, kwa kuwa mwongozo una alama moja ya miale. Kivuli kulia, tawi kwa tawi. Kisha nikawapa wimbo, kwa sababu mtoto haachi kitu alichokiimba: jua kona, mti kati, kivuli kulia. Wakaimba wakipiga madawati. Mara kumi, mara ishirini. Mkuu alipita dirishani, akatikisa kichwa kwa mdundo.

Wakaanza kuchora. Shahidi alikaa na penseli bila kuigusisha karatasi.

"Mwalimu, lakini tulipima."

"Ndiyo, mlipima."

"Tulipima vibaya?"

"Hapana. Mlipima vizuri sana."

"Basi kitabu kimekosea."

"Kimekosea."

"Na sisi tuandike yaliyokosewa?"

Darasa lilikuwa bado linaimba. Nilichuchumaa hadi usawa wa uso wake ili wengine wasisikie, na nikatumia sauti ninayotumia kwa mtoto mgonjwa. Nilimwambia kwamba kuna mambo mawili: kuna ya uani na kuna ya mtihani. Ya uani ni ya kweli. Ya mtihani ni ya mtihani tu. Mtu mwerevu anajua yote mawili na hachanganyi.

Nilitaka abishe. Nilikuwa nimekaa pale, magoti yakiniuma, nikimsubiri abishe. Alinitazama kama anavyotazama kitu anachotaka kukichora. Kisha akafungua ukurasa wa nyuma, ule wenye kiduara chini ya shina aliokuwa ameanza mwenyewe, akachukua kifutio, akafuta. Alifuta vizuri, akapuliza vumbi, akaangalia kama limeisha. Akachora jua kona. Akahesabu miale.

28 Machi

Jua kona, mti kati, kivuli kulia.

30 Machi

Hivyohivyo. Jua lilitoka kuanzia saa tano hadi saa saba. Hatukutoka nje. Nilihofia kuwachanganya.

5 Aprili

Mtihani. Swali la tano ni lilelile, hawakubadilisha hata nukta.

9 Aprili

Nitaandika yote, kwa mpangilio.

Kusahihisha kulifanyika ofisini kwa Mkuu, chini ya afisa wa elimu, mwanamume mnene mpole aliyekuwa akikata kucha. Meza moja ndefu. Mimi upande huu na karatasi arobaini na sita za la pili A. Nakala upande ule na zangu arobaini na nane. Bahasha ikafunguliwa, kila mtu akapewa mwongozo. Kwenye swali la tano umepigiwa mstari: "Kivuli kiwe upande wa kulia, urefu sawa na mti. Vinginevyo sufuri."

Nilianza na lile swali, kama mtu anayeanza na dawa chungu. Nilikuwa nimeshika kalamu tayari kuandika ishirini, ishirini, ishirini, maana darasa la Nakala halikosei kunakili.

Karatasi ya kwanza: jua juu ya mti, kiduara chini ya shina.

Nikadhani ni mtoto mmoja. Ya pili: hivyohivyo, na mshale mfupi uliobanwa kati ya shina na kivuli, neno "kivuli" likiandikwa wima kwa kukosa nafasi. Ya tatu. Ya nne ilikuwa na nyayo mbili badala ya mti, kisha mti juu yake, kama mtoto aliyekumbuka katikati ya kazi kwamba ameulizwa mti. Nilifunua rundo zima kwa haraka kama karata. Vidogo, vidogo, vidogo. Arobaini na kimoja. Kila mmoja na mkono wake, hakuna viwili vinavyofanana. Hakuna aliyenakili.

Niliinua kichwa. Nakala alikuwa akinitazama. Alikuwa akitabasamu, si lile tabasamu lake la chumba cha walimu. Alitabasamu kama mtu aliyeleta zawadi na sasa anaangalia ikifunguliwa. Alikuwa bado hajaifungua ya kwangu.

Kisha akaifungua.

Nilimwona akisoma. Jua kona. Akaweka pembeni, akachukua nyingine. Kona. Aliendelea hadi kama kumi, na tabasamu lile halikuondoka ghafla, lilipungua kidogokidogo, kama mtu anayeshusha mzigo kwa uangalifu ili usipige kelele. Akaangalia mwongozo. Akaanza kuandika ishirini. Aliandika nadhifu.

Nilikuwa na kalamu nyekundu na afisa mmoja mwenye usingizi. Ningeweza kuwapa. Nakiri niliipima njia hiyo kwa makini. Ningewapa ishirini zao. Afisa angechukua karatasi tano za kukagua, kama kawaida. Angekuta mwongozo umevunjwa. Angeamuru yote yasahihishwe upya, pengine angemwita mkaguzi, na mtu angeuliza huyu mwalimu wa B ni nani, ndiye yule wa gazetini, na kile kifutio kwenye meza ya Mkuu kingerudi kwenye droo. Ningeweza pia kusimama na kusema. Mimi. Mtu anayejua kusema kuliko wote chumbani mle.

Niliandika sufuri. Arobaini na moja. Mwanzoni mkono ulisita, baadaye ukazoea, na zile za mwisho zilikuwa nadhifu kama zake.

Afisa alichukua tano zangu, akazilinganisha na mwongozo, akasema, "Kazi safi, mama."

Nje, kwenye ukumbi, nilimfuata Nakala. Alikuwa na kitabu cha sayansi kwapani kama siku zote, na ndani yake ilichungulia karatasi ya gazeti. Nilijua ni nini kabla sijaona.

"Niliisoma makala yako, dada," alisema. Hajawahi kuniita dada. "Niliisoma mara tatu. Nikawatoa nje siku ile jua lilipochomoza. Hata mimi nilisimama."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka uione mwenyewe." Akahangaika na kitabu, akakihamishia kwapa la pili. "Nilijua mwongozo utasemaje. Lakini nilijua pia kwamba msahihishaji ni wewe."

Aliningoja kidogo, kwa adabu, kisha akasema samahani, ana zamu ya lango.

10 Aprili

Nimemweleza dada yangu. Alikuwa akitia uzi, hakunikatiza. Nilimaliza kwa kusema kwamba sikuwa na njia nyingine.

"Ulikuwa nayo," alisema. "Uliiandika."

Nikamwambia yeye hajui shule ilivyo. Akasema ni kweli, yeye anajua nguo tu. Mteja akiwa na bega moja chini, anashona bega moja chini, na mteja akikasirika anamwonyesha kioo. Nilimuuliza kama ananitukana. Akasema hapana, anajibu tu, kisha akainama kwenye cherehani na kukanyaga pedali ili tusiendelee.

Makala bado iko ukutani. Sikumwomba aitoe na yeye hajaitoa.

12 Aprili

Matokeo. La pili B: wa kwanza katika shule zote kumi na tatu za eneo letu. La pili A: wa mwisho. Mkuu amepaka kijisanduku chetu kijani kwa mkono wake, akinitania kwamba hata yeye anaweza kuchora. Vipindi vyangu vimebaki. Tena vimekuwa vitatu. Ofisi ya elimu inataka mchoro wangu wa ubaoni uchapishwe kama bango la kuelekezea madarasa mengine, pamoja na maneno ya wimbo. Wanaiita mbinu ya kuunganisha sanaa na sayansi.

Nakala ameitwa akatoka ameshika barua. Hakufukuzwa. Ameelekezwa kukaa nyuma ya darasa langu kila Ijumaa, vipindi vyote vitatu, hadi atakapojifunza inavyofanywa.

13 Aprili

Mvua. Mkuu ametangaza matokeo mbele ya shule nzima, kwa hiyo vipindi vya leo vimekwenda. Wamenipigia makofi. Nakala naye alipiga, bila kejeli yoyote. Ningempa chochote anipigie kwa kejeli.

Nilikuwa nikimchukia kwa sababu alinakili kitabu. Kumbe alikuwa mtu anayeamini alichosoma, basi. Alisoma kitabu, akakiamini. Akanisoma mimi, akaniamini. Kati ya maandishi hayo mawili, yangu ndiyo yaliyomponza.

20 Aprili

Ijumaa ya mwisho wa muhula. Jua limerudi, kali, anga halina hata unyuzi wa wingu. Niliamka na uamuzi: nitawatoa uani saa sita, nitawaambia wachore wanachokiona, na mbele ya Nakala nitasema kwamba yale ya mtihani tuyasahau. Nilikuwa nimeandaa na maneno.

Alikuja na daftari jipya, akakaa kwenye kigoda cha watoto, magoti yakimfikia kidevuni. Hakuna aliyemcheka.

Tulitoka. Watoto arobaini na wanane, penseli arobaini na nane sasa, zawadi ya ushindi. Katikati ya ua kuna mti mmoja, mdogo, ulionyooka. Nikawaambia wakae waugeukie. "Chora mti huu na kivuli chake, kama unavyouona sasa hivi."

Waliinamisha vichwa wote kwa pamoja. Wakaanza kuvuma ule wimbo, chini chini, bila kujua kwamba wanavuma. Nilipita kati yao. Jua kona. Jua kona. Miale saba. Hakuna aliyeinua uso. Mmoja alikuwa ameupa mgongo mti kabisa ili apate mwanga mzuri kwenye karatasi. Walikuwa wamekaa juu ya vivuli vyao wenyewe, vidogo, vimebanwa chini ya mapaja, na kwenye karatasi vivuli virefu vililala kulia, tawi kwa tawi, vizuri sana, maana nimewafundisha vizuri.

Nikafungua mdomo niyaseme maneno yangu. Nakala alinitangulia. Alikuwa amechuchumaa karibu na Shahidi, na alimuuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli:

"Mbona pale chini ya mti naona kidogo tu, na wewe umechora kirefu?"

Shahidi hakuacha kupaka. Alimjibu kwa upole, kama mtu anavyomwelekeza mgeni njia.

"Kile ni cha uani, mwalimu. Hakina alama."

Nakala alifungua daftari lake. Aliandika jibu hilo, akapigia mstari chini yake, akaandika na tarehe. Kisha akainua uso na kunitazama, kalamu ikiwa tayari, akingoja nimwambie kama amelinakili sawasawa.

Nikamwambia ndiyo.